Msijisumbue kwa Ajili Yetu

Orlin Skaarvold hakuwahi kukubali kikombe cha kahawa alipokaribishwa mara ya kwanza. Hilo peke yake si ajabu hapa katika mji wetu mdogo wa Halstrand, maana hakuna anayekubali. Ukiulizwa kama utakunywa kahawa unasema hapana, msijisumbue. Ukiulizwa tena unasema labda, kama imeshapikwa. Mara ya tatu unasema haya, nusu tu, na hapo unajaziwa mpaka ukingoni. Mwenye nyumba ameonyesha ukarimu, mgeni hakuonyesha tamaa, na wote wawili wameridhika. Jumapili baada ya ibada, kwenye chumba cha chini cha kanisa, kipande cha mwisho cha keki hukatwa nusu, na ile nusu hukatwa nusu, mpaka inabaki chembe ambayo akina mama huifunga kwenye karatasi. Mkono wa Mlutheri wa Halstrand hauwezi kuonekana ukichukua cha mwisho.

Ila wengine walijua kuingia katika desturi hiyo na kutoka. Orlin aliishi ndani yake kama mtu anavyoishi ndani ya koti la baridi, na wakati mwingine nilidhani hata usingizini hakulivua. Ushirika wa wakulima, alikofanya kazi ya kupima malori ya nafaka tangu ujana wake, uliwahi kumwomba awe meneja. Akasema bila shaka yuko mwingine anayefaa zaidi. Bodi ikamtafuta huyo mwingine na ikampata, kijana wa mji wa jirani, na Orlin akamfundisha kazi kwa moyo mweupe bila kumficha kitu.

Halafu kuna habari ya mkewe, Charlene. Binti yao alipokuwa na miaka minane, Charlene alisimama jikoni asubuhi moja ya Februari, dirisha likiwa limeganda barafu kwa ndani, akasema amechoka na baridi, amechoka na bonde hili tambarare ambalo jicho halina pa kuegemea. Dada yake wa Arizona alikuwa na chumba. Akamwuliza mumewe kama anataka abaki. Orlin akajibu kwamba asibaki kwa ajili yake yeye. Charlene alizaliwa hapa hapa, aliijua desturi kama alivyojua jina lake. Aliuliza mara moja tu, kisha akaondoka. Mpaka leo hakuna ajuaye kama alisahau mara ya pili au aliiacha kwa makusudi. Orlin hakuwahi kumsema vibaya. Kila Krismasi yalikuja machungwa kutoka Arizona, naye aliyamenya taratibu na kumpa binti yake vipande vilivyo vizuri.

Binti ni Berit. Alikua mrefu kama baba yake, na macho yale yale ya kijivu yanayotazama kando wakati wa kuzungumza. Alikuwa hodari shuleni bila kelele. Mwaka wake wa mwisho ulipofika, kila mtu alijua atakwenda wapi, maana watoto wa Halstrand huenda chuo kikuu cha jimbo, kule mjini, penye wanafunzi wengi kuliko watu wa wilaya yetu nzima. Binamu yake alikuwa kule. Rafiki yake alishapanga walale chumba kimoja.

Lakini Berit aliomba pia Chuo cha Brandvik.

Hakuna aliyekijua. Kiko kusini mashariki mwa jimbo, mwendo wa saa nne kwa gari, juu ya majabali yanayoutazama Mto Mississippi, na wanafunzi wake wote wangeweza kukaa katika kanisa letu kama wangekubali kubanana. Hakimfundishi mtu uhandisi wala ukulima wala uuguzi. Kinamtaka asome falsafa pamoja na habari za wadudu, muziki pamoja na hesabu, na baada ya miaka minne ajue mwenyewe la kufanya na maisha yake. Berit alikisikia mara ya kwanza kwaya yao ilipopita Halstrand, dhoruba ya theluji ikawafungia hapa siku mbili. Wasichana wawili walilala kwa Orlin. Asubuhi, mbele ya mayai, walibishana kama mtu anaweza kumsamehe mtu ambaye hajaomba msamaha. Walibishana mpaka mayai yakapoa, kisha wakacheka na kuosha vyombo pamoja. Berit alikuwa hajawahi kuona watu wakibishana halafu wakaosha vyombo pamoja.

Katika chumba cha mizani kule ushirika habari ilipokelewa kama habari zote. Luverne Aasgaard, aliyekuwa akipakia malori na ambaye alifanya urafiki na Orlin kwa kumtania kila siku tangu walipokuwa vijana, aliuliza ni chuo gani hicho.

"Brandvik," Orlin akasema.

"Wanacheza mpira?"

"Wanacheza."

"Wanashinda?"

"Nasikia hapana."

Luverne akatafakari. "Hiyo ni tofauti," akasema.

Mgeni angedhani amesifiwa. Kwetu, kitu kikiitwa tofauti kimeshazikwa. Mke akibadilisha rangi ya nywele na jirani akasema ni tofauti, mke huyo hurudi kwa msusi. Orlin aliinamisha kichwa juu ya mizani na hakukitetea chuo, na hakukishambulia pia. Kama angeulizwa kwa nguvu angesema kwamba uamuzi ni wa Berit. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa pia maficho mazuri.

Mwanzoni mwa Aprili walikwenda kukiona. Brandvik tayari walikuwa wamemkubali Berit, na msaada waliompa ulifanya gharama isipishane sana na ile ya chuo kikuu, kwa hiyo pesa haikuweza kuwaamulia. Ilibidi waamue kwa njia nyingine, ngumu zaidi, ya kujua wanataka nini.

Orlin aliona maktaba ndogo kuliko alivyotarajia na bweni lililonuka soksi mbichi. Aliona kwamba somo la udongo, ambalo Berit alikuwa akilizungumzia tangu alipokuwa mdogo, halikuwepo kabisa. Kulikuwa na mwalimu mmoja wa miamba na mwingine wa mimea, na udongo ulikuwa mahali fulani katikati yao. Afisa wa udahili, kijana anayeitwa Julian Marchetti, aliyehamia kutoka New Jersey majira ya kiangazi yaliyopita, aliwatembeza matopeni akiwa na viatu vyembamba. Alizungumza haraka na kutabasamu sana. Orlin alimpenda na kumhurumia.

Berit aliingia darasani. Wanafunzi tisa walizunguka meza moja, na mwalimu wao, mama mwenye mvi aitwaye Profesa Nadkarni, aliuliza kama mto unaweza kuwa mali ya mtu. Berit alikaa pembeni kama mgeni. Profesa alimwuliza anaonaje. Berit akasema yeye ni mgeni tu. Profesa akasema ndiyo, na mgeni anaonaje? Basi Berit akasema kitu kuhusu mifereji tuliyoichimba chini ya mashamba yetu ya viazisukari, jinsi maji yetu yanavyofika kwa watu tusiowajua. Mvulana mmoja akamwambia usoni kwamba hakubaliani naye. Akaeleza kwa nini. Halafu, darasa lilipoisha, akamwomba waende wale pamoja ili amalize kutokubaliana.

Aliporudi kwenye pikapu mashavu yake yalikuwa mekundu. Baba yake akauliza ilikuwaje. Akasema ilikuwa nzuri. Maili nyingi zilipita kabla hajaongeza: "Alinipinga, Baba. Hivi hivi, mbele ya watu."

"Ulijisikia vibaya?"

"Hapana. Ndicho ninachokifikiria."

Lakini nyumbani hakuamua. Wiki mbili zilipita. Asubuhi alikuwa mtu wa Brandvik na jioni mtu wa chuo kikuu. Aliogopa kwamba popote atakapotafuta kazi wangemwuliza amesoma wapi, naye angejibu, nao wangesema aa. Aliogopa kuchoka na sura zile zile kabla mwaka haujaisha. Aliogopa pia kwamba katika umati wa chuo kikuu angekaa nyuma ya ukumbi miaka minne, kimya, mwenye adabu, na kuhitimu bila mtu kumwuliza lolote. Orlin alimsikiliza, akapika viazi na nyama ya kusaga chini ya supu ya uyoga kama kila Jumanne, akasema pande zote mbili zina mazuri yake. Mwisho wa kujibu ulikuwa tarehe mosi Mei.

Simu ililia siku Berit alipokuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Orlin alikuwa jikoni, mikono ina sabuni. Alikuwa Julian. Alisalimia, akauliza habari za matope ya Halstrand, kisha akaingia katika kilichompigisha simu.

"Tunataka tu kujua, Bwana Skaarvold, kama tuendelee kumshikia Berit nafasi yake. Kuna wengine wanaosubiri."

"Aa, msijisumbue kwa ajili yetu," Orlin akasema.

Akangoja. Aliegemeza bega ukutani, sabuni ikimtiririka mpaka kwenye kiwiko, akingoja aulizwe tena, kama mtu aliyeshusha mguu gizani akijua kwamba ngazi ipo.

"Sawa kabisa," Julian akasema. "Nashukuru kwa kusema wazi. Wengi hawasemi. Mwambie Berit namtakia heri."

Simu ikakatika.

Orlin alikausha mikono. Alijiambia kijana atapiga tena kesho, maana hakuna mtu anayeuliza jambo kubwa namna ile mara moja tu. Berit aliporudi alimwekea chakula, akamwuliza kuhusu kwaya, na hakutaja simu. Kesho yake simu haikupigwa. Hata siku hiyo hakutaja.

Mwishowe alimweleza Luverne, kwa kuzungukazunguka, kana kwamba yalimtokea mtu mwingine. Luverne alimsikiliza huku akisukuma kofia nyuma ya kichwa.

"Kijana mwenyewe ni wa wapi?"

"New Jersey."

"Basi umekataa, bwana. Kwao hapana ni hapana."

"Lakini ni jambo la wazi kabisa kwamba..."

"Wazi kwa nani? Kwangu mimi na wewe na ng'ombe wa Halstrand. Mpigie."

"Nimwambie nini?"

"Mwambie ndiyo, Orlin. Neno moja. Hata watoto wadogo wanalijua."

Orlin alimtazama kama mtu aliyeambiwa atembee barabara kuu bila suruali. Hakupiga. Siku hiyo malori ya mbolea yalipanga foleni mpaka relini, na hiyo ilikuwa sababu ya kutosha.

Barua pepe ilimfikia Berit kabla baba yake hajapata ujasiri. Alishuka ngazi na simu mkononi, akasoma kwa sauti, akasimama mbele ya meza. Brandvik wamesikitika kusikia kwamba familia imeamua vingine, na wanamtakia kila la heri.

"Familia gani hiyo, Baba?"

Akamweleza. Alieleza yote, sabuni, swali, jibu, na jinsi alivyongoja. Kwa muda mfupi mdomo wa Berit ulitaka kucheka, maana alimwona waziwazi pale ukutani akingoja. Kisha kicheko kikaondoka.

"Ilikuwa adabu tu, mwanangu."

"Adabu naijua. Nimekulia humu. Nakuuliza kama ilikuwa adabu."

Orlin akachukua kitambaa akafuta meza iliyokuwa safi.

"Wiki zote hizi sikujua kama nakitaka," Berit akasema. Sauti yake haikupanda. "Nilikuwa nikilala na kujiuliza. Sasa nimesoma maneno haya na nikajua palepale, kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nakitaka. Najua hawana somo la udongo. Najua hakuna anayekijua. Nakitaka, na wewe umekiambia hapana."

Akapanda juu. Hakubamiza mlango, maana si watu wa kubamiza milango, na Orlin angependa aubamize. Alikaa na kitambaa mkononi. Alifikiria ile asubuhi ya Februari na dirisha lililoganda. Nadhani hapo ndipo alipoliona koti lake lilivyo, jinsi linavyoweza kumkinga mtu na baridi na pia kumficha ili asionekane anatetemeka.

Asubuhi alimwendea meneja, yule kijana aliyemfundisha kazi, akamwambia anataka siku moja ya mapumziko. Katika msimu wa mbolea. Hakuongeza yale maneno "kama haitakuwa shida". Meneja alishtuka hata akasahau kuuliza sababu.

Aliporudi nyumbani kumchukua Berit, alimkuta barazani, tayari amevaa viatu.

"Sitaki uniombee nafasi," Berit akasema.

"Sikuombei. Naenda kurudisha maneno yangu. Ya kwako utayasema mwenyewe."

"Tungeweza kupiga simu tu."

"Simu mimi siiamini tena."

Saa nne za njia hazikuwa na mazungumzo mengi. Bonde liliisha, vilima vikaanza, kisha majabali, na mto ukajaa maji ya theluji iliyoyeyuka. Julian aliwapokea ofisini kwa uso wa mtu anayejiuliza kama amesahau miadi. Aliwapa viti. Aliwauliza kama watakunywa kahawa, na Orlin, kwa mshangao wa binti yake, akasema ndiyo, asante, akakipokea kikombe kikiwa kimejaa na kukishika kwa mikono miwili bila kunywa.

"Kwenye simu nilisema hapana," akaanza. "Haikuwa hapana."

"Ilikuwa nini?" Julian aliuliza bila dhihaka.

Orlin alitafuta neno. "Ilikuwa kama salamu," akasema.

Kijana akacheka kidogo, akafunika uso kwa kiganja, na kusema kwamba sasa ameelewa mambo mengi ya mwaka huu, pamoja na kwa nini mama mwenye nyumba yake hajamkaribisha tena chakula cha jioni. Alifungua kompyuta. Alisema nafasi ya masomo bado ipo. Nafasi katika lile bweni walilolitembelea ilikuwa imekwenda, ingebidi Berit akae katika nyumba kuukuu chini ya kilima, yenye ngazi nyingi na maji ya moto ya kubahatisha. Akamgeukia Berit.

"Lakini sijakusikia wewe. Unataka kuja hapa?"

Orlin aliona midomo ya binti yake ikianza kulitengeneza lile jibu la ukoo, lile la babu na bibi, laini kama siagi. Alitaka kumsaidia. Alikaza vidole kwenye kikombe na kunyamaza, na kunyamaza kule kulimgharimu kuliko maneno.

"Nataka," Berit akasema.

Alipata wekundu usoni mpaka masikioni, kama mtu aliyetukana kanisani. Kisha, kwa kuwa dunia haikupasuka, akaendelea. Aliuliza kama anaweza kusoma miamba na mimea kwa pamoja na kuunda njia ya udongo katikati. Aliuliza waliohitimu wanafanya nini, si wale wa kwenye picha bali wale wengine. Aliuliza itakuwaje akifika na kugundua kwamba si mahali pake. Julian alijibu ya kwanza kwa uhakika na ya pili kwa kusitasita. Ya tatu alisema hajui, kwamba yeye mwenyewe bado anajiuliza hivyo. Berit alionekana kulipenda jibu hilo kuliko yale mengine mawili. Akatia sahihi.

Walipokuwa wakirudi, majabali yakabaki nyuma na anga likaanza kutanuka tena pande zote. Orlin aliendesha mikono yote miwili kwenye usukani. Walikuwa wamepita mji wa mwisho mkubwa aliposema:

"Siku ile ya simu. Palikuwa na adabu, na palikuwa na kitu kingine."

"Najua, Baba."

"Ulijua?"

"Hukuniambia kwamba amepiga. Tangu lini wewe ukasahau simu?"

Trekta lilikuwa likigeuka mwisho wa shamba, vumbi jepesi likilifuata. Berit alimtazama kwa pembeni, taya la baba yake likienda na kurudi kama la mtu anayetafuna kitu kigumu.

"Sitaki uende," Orlin akasema. "Nataka uwe kule, lakini sitaki uende. Sijui kama vyote viwili vinaweza kuwa kweli."

"Vinaweza."

"Nyumba itakuwa kimya. Sijui nitapika nini. Sijawahi kupika cha mtu mmoja."

Berit alinyoosha mkono akapunguza sauti ya redio, iliyokuwa ikisoma bei za mahindi, ili amsikie vizuri zaidi. Baba yake akakohoa, akatazama barabara, na kuendelea kusema.